Betri ya Gari la Tawi Isife Gari Likiwa Limeegeshwa



Mwaka jana, usiku wa mvua, mwenzetu wa zamu ya usiku katika kiwanda cha chai alinaswa mkono na mashine ya kusaga majani. Gari la wagonjwa la shamba lilikuwa mjini kwa matengenezo. Vijana wa bodaboda hawakukubali kupita barabara ya msituni saa nane ya usiku. Basi tukakimbilia pikapu ya tawi letu, ile tuliyoinunua kwa michango yetu wenyewe, shilingi kwa shilingi. Dereva akazungusha ufunguo. Stata ikalia tik, tik, kisha kimya.

Watu ishirini tulilisukuma gari hilo katika matope, toka ofisi ya tawi hadi kwenye mteremko wa kambi. Lilipowaka, dakika arobaini zilikuwa zimepita. Mwenzetu yu hai, lakini vidole viwili vimekwenda. Daktari hakutuambia kwamba kuchelewa ndiko kulikovipoteza, wala sisi hatusemi hivyo. Ila hakuna aliyesukuma usiku ule ambaye hajajiuliza.

Katika mkutano wa tawi wengine walimlaumu dereva. Wengine walisema tumeuziwa betri mbovu. Tukamwita fundi wa karakana, mwanachama wetu, apime mbele ya watu wote. Betri ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na haikuwa mbovu. Kosa lilikuwa letu sote: gari lilikuwa limekaa wiki tano bila kuwashwa, kwa kuwa mafuta ni ghali na hatukuwa na safari.

Wengi wetu tulidhani gari lililozimwa halili umeme. Sivyo. Saa, redio na king'ora cha wezi vinaendelea kunyonya kidogo kidogo. Katika gari letu fundi alipima ampea 0.05. Ni kidogo sana, lakini kwa siku nzima inafika ampea-saa 1.2, na kwa siku 35 inafika 42. Betri yetu ni ya ampea-saa 60. Fanyeni hesabu wenyewe. Zaidi ya hayo, betri hupoteza nguvu yenyewe hata ikikaa rafuni, na joto likizidi hupoteza upesi zaidi.

Betri ya namna hii, ya risasi na asidi, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kazi yake haijabadilika sana. Inapotoa umeme, chumvi ya risasi hushika kwenye sahani zake. Ikichajiwa mapema, chumvi hiyo huyeyuka na kurudi. Ikiachwa tupu kwa wiki nyingi, hugeuka kuwa ngumu kama ukoko wa sufuria, na betri haipokei tena chaji kama zamani. Ndiyo maana betri nyingi zinakufa kwa kukaa tu.

Kipimo ni rahisi. Gari likiwa limepumzika saa chache, betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.4, robo imekwisha. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Ichajiwe siku hiyo hiyo.

Tufanyeje, basi? Wengine wanawasha injini dakika tano kila Jumamosi. Hiyo ni kujidanganya, kwa sababu kuwasha kunakula nguvu, na dakika tano za kunguruma mahali pamoja hazitoshi kuirudisha. Wengine wanafungua waya wa betri. Kwa gari la kawaida linalokaa muda mrefu, hiyo ni njia nzuri isiyo na gharama. Lakini gari la dharura halifai kuachwa hivyo, maana usiku wa haja hakuna atakayeona spana iko wapi.

Penye umeme wa ukuta, tumieni chaja ndogo ya kutunza betri. Hii si ile chaja kubwa ya karakana. Ile kubwa ikiachwa siku nyingi huchemsha asidi na kukausha maji. Hii ndogo hujaza taratibu, na betri ikijaa hushuka yenyewe ikabaki kwenye volti 13.5 hivi, ikirudisha kile tu kinachopotea. Inaweza kuachwa mwezi mzima.

Pasipo umeme, kama katika kambi zetu za mbali, paneli ya jua ya wati 10 inatosha kwa gari kama letu. Jua likiwa kali hutoa zaidi kidogo ya nusu ampea. Kwa saa tano ni ampea-saa 2.5, yaani mara mbili ya kile gari linachonyonya. Ifungwe juu ya paa, isiwekwe chini ya kivuli cha mti, na ifutwe vumbi. Iwe na kidhibiti cha chaji, ili isijaze kupita kiasi mchana wala isirudishe umeme wa betri usiku. Msitegemee paneli hiyo kufufua betri iliyokwisha. Kazi yake ni kulinda iliyojaa.

Tuchunge na usalama. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo pawe na hewa na asiwepo mvuta sigara. Mnapofungua waya, anzeni na ule wa hasi. Mnapofunga, hasi iwe ya mwisho. Betri yenye vifuniko iongezwe maji safi ya betri, si ya bomba wala ya mtoni. Asidi ikimwagikia jicho au ngozi, oshe kwa maji mengi mara moja, kisha mgonjwa aende hospitali.

Na betri ya zamani isipasuliwe nyumbani kutafuta risasi. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua gharama yake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu ya risasi wafanyakazi na watoto wa kijiji. Ndugu Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, aliongoza madai yao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Neno la mwisho. Katika mkutano mama mmoja mchuma chai aliuliza: kwa nini michango yetu inunue chaja, wakati kumfikisha majeruhi hospitali ni wajibu wa mwajiri? Ameuliza haki. Tumeliweka dai hilo katika mazungumzo ya mkataba: gari la wagonjwa lisitoke shambani bila jingine kushika nafasi yake. Hatutaliondoa. Lakini mashine haisubiri sahihi ya meneja. Mpaka siku hiyo, chaja iko ukutani ofisini, na jina la mwenye zamu ya kupima betri kila Jumatatu limeandikwa kando yake.

Ndugu, nanyi nendeni mkapime ya tawi lenu kabla jua halijazama leo.