Uzito wa bunduki hupimwa kilimani, si dukani

Wiki iliyopita, katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo hapa Kigali, nilikutana na mzee mmoja tuliyeishi naye ukimbizini Karagwe. Siku hizi anafanya biashara ya mchele kupitia Rusumo. Baada ya salamu aliniuliza: "Mwalimu, mpwa wangu kule Tanzania anasomea kazi ya uwindaji bingwa. Achukue bunduki nzito au nyepesi?"

Nilimkumbuka marehemu baba mdogo. Alikuwa mchukuzi wa wawindaji wenye vibali katika Pori la Akiba la Burigi, ambalo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Siku moja mgeni alichoshwa na bunduki yake nzito, akampa mchukuzi wa mwisho. Nyati aliyejeruhiwa alipochomoka kichakani, bunduki ilikuwa hatua 30 nyuma. Baba mdogo, aliyekuwa mbele akifuata damu, alichechemea hadi kufa kwake.

Hata hivyo, wepesi nao una gharama. Risasi ileile ikipigwa kwa bunduki ya kilo 3, teke lake begani huzidi la bunduki ya kilo 4 kwa takribani theluthi moja. Aidha, bunduki nyepesi mno haitulii mikononi mwa mtu anayehema.

Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, alipata nafuu kwa kutumia risasi ndogo. Wenzake walibeba bunduki za mitutu miwili za kilo 5 na zaidi. Yeye alipenda Rigby.275, nyepesi, akajifunza hasa ubongo wa tembo ulipo. Lakini leo, kwa nyati na tembo, .375 ndiyo huhesabiwa kiwango cha chini, na nyingi zina kilo 4 hivi.

"Basi afanyeje?" mzee akauliza.

Nilimjibu: aipime ikiwa na risasi, mkanda na darubini, maana hivyo huweza kuongeza karibu kilo nzima. Kisha aibebe kwa muda wa saa 4 vilimani, alenge akiwa bado anahema. Ikitulia, ni yake. Akianza kutafuta mtu wa kumpokea, aiache.

Mzee alicheka. "Kumbe ni kama gunia! Kilo 25 za ghalani si kilo 25 za juu ya kilima."