Kastadi ya Mayai: Moto, Maziwa na Mwinuko wa Uluguru

Kastadi ya mayai ni maziwa yaliyogandishwa na yai kwa moto mdogo. Katika majiko mengi ya Morogoro mjini jina hilo limezoeleka zaidi kwa unga wa manjano wa dukani, ambao ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na harufu ya vanila. Unga huo ulibuniwa mwaka 1837 na Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, Uingereza, ambaye mkewe alikuwa na mzio wa mayai. Ni uji mzuri, lakini ni uji. Kastadi yenyewe haina wanga; kazi yote ya kugandisha hufanywa na yai, na yai halivumilii moto mkali.

Nusu lita ya maziwa huhitaji mayai 3 ya kisasa au 4 ya kienyeji, kwa kuwa haya ni madogo, pamoja na vijiko 4 vya sukari. Maziwa yanaweza kuwa ya ng'ombe, au ya mbuzi kama yanayokamuliwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, ambako mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walifikishwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Iliki na mdalasini hutoka upande wa mashariki wenye mvua nyingi, Kinole na Mkuyuni. Maziwa mabichi huchemshwa kwanza ili kuua vijidudu, wakiwemo wa brusela, yakiwa na iliki iliyopondwa ndani yake. Yakishapoa kidogo humiminwa polepole juu ya mayai yaliyopigwa na sukari, huku yakikorogwa. Yakimwagwa yote kwa pamoja yakiwa ya moto, yai huiva vipandevipande kabla halijachanganyika. Mayai hayapigwi hadi kutoa povu, maana kila kiputo huacha tundu. Mchanganyiko huchujwa, kisha hutiwa bakulini.

Protini za yai ni nyuzi zilizojikunja. Joto huzikunjua, nazo zikishakunjuka hunasana na kuwa wavu unaoshika maji ndani yake. Ute mweupe peke yake huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi, na kiini kati ya 65 na 70. Ndani ya kastadi mambo hubadilika: maziwa huzitawanya protini hizo na sukari huzichelewesha kukunjuka, hivyo kuganda husubiri hadi karibu nyuzijoto 80. Madini ya maziwa, hasa kalsiamu, nayo yana sehemu yake; yai likipigwa na maji matupu haligandi vizuri hata likipikwa kwa uangalifu.

Joto likizidi nyuzijoto 85 kwa muda, wavu hujikaza na kukamua maji uliyoyashika. Kastadi hutoboka matundu na kuelea katika maji yake. Nafasi ya mpishi ni nyuzijoto chache tu, na ndiyo sababu bakuli haliwekwi motoni moja kwa moja. Huwekwa ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, na kitambaa hutandikwa chini.

Hapo mwinuko huingia. Kadiri mtu anavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua na maji huchemka mapema, kwa wastani wa nyuzijoto 1 kwa kila mita 300. Morogoro mjini, penye mwinuko wa mita 500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzijoto 98. Katika vijiji vya Mgeta vilivyo juu ya mita 1,500, karibu 95. Mlima humsaidia mpishi, ila msaada huo hautoshi: hata kwenye kilele cha Lupanga, mita 2,138, maji yanayotokota yangeikaza kastadi. Dawa ni kupunguza makaa hadi maji yatulie, na kuacha mfuniko wazi kidogo, umefungwa kitambaa ili matone yasidondokee bakulini.

Baada ya nusu saa hivi bakuli hutikiswa. Kingo zikiwa zimeshika na katikati pakitetemeka, bakuli huondolewa mara moja, kwa kuwa joto lililobaki humalizia kazi. Anayengoja katikati pawe pagumu kabisa amechelewa.

Mananasi ya Kiroka huvutia kuwekwa juu yake, lakini nanasi bichi lina kimeng'enya cha bromelaini kinachokata protini. Muda si mrefu kastadi hulainika, hutoa maji na kuwa chungu. Nanasi lililochemshwa dakika chache na sukari halina madhara hayo, na ndizi mbivu haina kabisa. Pasipo friji, kastadi huliwa siku hiyohiyo.