Mlinzi wa Ubavu: Istilahi Moja, Kazi Mbili

Mfasiri wa Kiswahili anayekabidhiwa habari za futiboli ya Kimarekani, yaani mchezo wa mpira wenye ncha mbili unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, hutatizwa zaidi na maneno anayodhani anayajua kuliko yale yaliyo mapya kwake. Chukua neno ambalo Wamarekani hulitumia kwa shughuli ya kila mwaka ya vilabu kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Kwa sauti linafanana na drafti, na drafti tunaijua: ni mchezo wa kete unaochezwa vibarazani. Mfasiri wa ofisini aliyezoea miswada na mikataba ataandika rasimu. Mwandishi wa michezo naye ataandika usajili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofaa.

Usajili, kama tuujuavyo katika kandanda, ni mapatano: klabu inamtaka mchezaji, naye anaitaka klabu, au walau mshahara wake. Katika shughuli ya Wamarekani mchezaji haulizwi anataka klabu gani. Vilabu 32 huchagua kwa mizunguko 7, na ile iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita kwa kawaida ndiyo yenye zamu ya kwanza. Klabu ikishamtaja mchezaji, hupata haki ya peke yake ya kufanya naye mapatano. Utaratibu huu ulianza mwaka 1936 katika mji wa Philadelphia, na aliyeteuliwa wa kwanza kabisa, Jay Berwanger, hakucheza hata siku moja katika ligi hiyo. Zamu yenyewe ni mali, kwani klabu yaweza kuibadilisha na klabu nyingine kwa mchezaji au kwa zamu za mwaka ujao. Kwa sababu hiyo tunapendekeza shughuli hii iitwe uteuzi wa zamu. Istilahi hiyo itafaa pia kwa mpira wa kikapu, ambako mwaka 2009 Mtanzania Hasheem Thabeet aliteuliwa wa pili na klabu ya Memphis Grizzlies.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tujisumbue na mchezo ulio mbali nasi. Wako wazazi wasemao Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo, wanaolea watoto wao katika miji ya Marekani, na mchezo huu huchezwa katika shule za sekondari za huko. Mzazi ambaye kijana wake ameandikiwa taarifa na kocha ana haki ya kuielewa kabla ya kutia sahihi yake. Mkalimani akimwandikia kwamba mwanawe ni beki wa pembeni, mzazi atamfikiria yule anayekimbizana na winga kando ya uwanja. Hatajua kwamba mwanawe anaandaliwa kupambana kifua kwa kifua na watu wazito kuliko yeye.

Tumtazame basi mchezaji huyo. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani, na ngome hupangwa kwa safu. Safu ya kwanza ni ya majabari wanaoinama uso kwa uso na wazuiaji wa upande wa pili. Nyuma yao husimama safu ya pili, na nyuma kabisa walinzi wa mbali. Jina la Kiingereza la mchezaji wa safu ya pili limeundwa kwa neno la mstari na neno la nyuma, na yule wa pembeni huongezewa neno la nje. Kulifasiri kipande kwa kipande kungetupa "mtu wa nje wa nyuma ya mstari", maneno ambayo hayamwambii msomaji lolote. Tunapendekeza mlinzi wa ubavu. Ubavu, katika mambo ya vita, ni upande wa kikosi ambao adui aweza kuuzunguka, na mchezaji huyu amewekwa huko kwa sababu hiyo hiyo.

Hata hivyo utata haujaisha, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Baadhi ya makocha hupanga watu watatu mbele na wanne katika safu ya pili. Wengine hupanga wanne mbele na watatu nyuma yao. Katika mpango wa kwanza mlinzi wa ubavu mara nyingi ndiye mvamizi: mpira uanzapo humkimbilia mrushaji, ili amwangushe kabla mpira haujamtoka mkononi. Katika mpango wa pili uvamizi hufanywa hasa na watu wa pembeni wa safu ya kwanza, naye mlinzi wa ubavu hukaba wapokeaji na kuwasimamisha wakimbiaji wenye mpira. Jina moja limebeba kazi mbili, na kazi hizo hazitaki mwili wa namna moja. Mvamizi hushindana kwa mikono na wazuiaji ambao wengi wao huzidi ratili 300, yaani kama kilo 136. Mkabaji hushindana na watu wepesi wanaogeuka ghafla. Taarifa isemayo tu kwamba kijana ni mlinzi wa ubavu hodari haijasema kitu. Kwa hiyo iandikwe mlinzi wa ubavu mvamizi, au mlinzi wa ubavu mkabaji, hata kama safu ya gazeti ni nyembamba.

Aliyeing'arisha kazi ya mvamizi ni Lawrence Taylor, aliyeteuliwa wa pili mwaka 1981 na New York Giants kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina. Mwaka 1986 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima, heshima ambayo ni nadra kumfikia mtu wa ngome. Ligi ilianza kuhesabu rasmi tendo la kumwangusha mrushaji mwaka 1982, hivyo aliyoyafanya Taylor katika msimu wake wa kwanza hayamo katika jumla yake rasmi ya 132 na nusu. Nusu hiyo isimshangaze mfasiri: wachezaji wawili wakimwangusha mrushaji kwa pamoja, kila mmoja huandikiwa nusu. Neno la Kiingereza kwa tendo hilo ni lile lile la gunia, na Deacon Jones wa Los Angeles Rams hutajwa kuwa ndiye aliyelianzisha. Gunia halitatufaa sisi. Tunapendekeza mwangusho, wingi wake miangusho.

Wanaopima wachezaji watarajiwa tuwaite wasaka vipaji. Skauti kwetu ni kijana mwenye skafu shingoni. Tangu mwaka 1987 mkusanyiko wao mkubwa wa kila mwaka umekuwa ukifanyika Indianapolis, nao twaweza kuuita kambi ya vipimo. Huko watarajiwa hupimwa urefu wa mikono kwa inchi, hunyanyua chuma cha ratili 225 mara nyingi wawezavyo, huruka, huzunguka koni, na hukimbia yadi 40, ambazo ni kama meta 36 na nusu. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kipendwacho na magazeti, ingawa mvamizi ni nadra kukimbia umbali huo kwa mstari mnyoofu. Mrushaji kwa kawaida huuachia mpira ndani ya sekunde tatu hivi. Ndiyo maana msaka vipaji makini huzitazama zaidi yadi 10 za mwanzo.

Liko jambo moja ambalo wasaka vipaji hulitaja katika kila taarifa ya mvamizi, nalo limetushughulisha kuliko mengine. Mvamizi hupita nje ya mzuiaji, kisha hukata kona kumwelekea mrushaji huku mwili wake umeegemea ndani, magoti na vifundo vya miguu vimekunjika, bila kupunguza mwendo. Kiingereza hutumia neno moja linaloweza kuwa kuinama, kupinda au kukunja. Kuinama hakufai, kwani ni kwa mtu anayeokota kitu au anayetoa heshima. Kupinda hueleza njia aliyoifuata, wala si umbo la mwili. Kiswahili, kwa bahati njema, kina kitenzi chake: mwendesha pikipiki huilaza kwenye kona, na jahazi hulala upande upepo unapokaza. Basi tuseme mvamizi anajua kulaza mwili konani. Nomino tusiunde. Mlalo umekwisha kuchukuliwa na hisabati, na si kila dhana lazima ipewe nomino ili iwe istilahi.

Tofauti kati ya kupima mwili na kupima kazi yaonekana katika watu wawili. Terrell Suggs wa Arizona State aliweka rekodi ya vyuo vikuu kwa miangusho 24 mwaka 2002, lakini mbio zake za yadi 40 kabla ya uteuzi zilikuwa za polepole, na mashaka yakaenea. Baltimore Ravens walimteua wa 10 mwaka 2003. Alistaafu akiwa na miangusho 139. Vernon Gholston wa Ohio State alikuwa kinyume chake: mwenye mbio, na katika kambi ya vipimo ya mwaka 2008 alinyanyua ratili 225 mara 37. New York Jets walimteua wa 6 mwaka huo, wakamhamisha kutoka safu ya kwanza alikocheza chuoni wakamfanya mlinzi wa ubavu. Katika misimu mitatu hakupata mwangusho hata mmoja. Si haki kumtupia yeye lawama zote, maana alipewa kazi mpya chini ya jina lililodhaniwa kuwa karibu na lile la zamani.

Katika miaka ya karibuni wasaka vipaji wengi wameacha kumtaja mvamizi kwa safu anayoanzia, na humwita kwa neno lenye maana ya ukingo, awe amesimama au ameinama. Mfasiri akikutana nalo aandike mvamizi wa ubavu, kwa kuwa ukingo kwetu ni wa mto. Na akilikuta jina la zamani, atafute kwanza klabu inayozungumzwa hupanga watu wangapi mbele.