Ndege Ndogo Ifike na Mabawa Yake

Mafundi wa jua kali katika nchi yetu wana kipaji cha ajabu. Mkebe wa mafuta, waya na kipande cha mjakaranda vikiingia mikononi mwao, hutoka ndege ndogo yenye mabawa, mkia, magurudumu na rafadha inayozunguka. Mtalii hununua moja, akaipakata kama mtoto hadi kwao. Baada ya miezi miwili anapiga simu: rafiki zake wameipenda, wanataka kumi. Hapo ndipo furaha huchanganyika na wasiwasi. Zitafikaje?

Vikundi vingi vya vijana na akina mama vinajua kutengeneza, lakini kufunga na kutuma ni kazi nyingine kabisa. Bawa likifika limevunjika, mteja hudai pesa zake, nauli imekwisha liwa, na kazi ya siku tatu imepotea bure. Kibaya zaidi, mteja huyo haagizi tena. Kwa upande mwingine, kuna kikundi ambacho ndege zake hufika salama, lakini nauli imekula faida yote. Hiyo nayo ni hasara, hata kama hakuna kilichovunjika.

Katika ukurasa huu tunataka kuonyesha kwamba shida hizi mbili zina dawa moja: ndege isafiri ikiwa vipande, mteja aiunganishe mwenyewe.

Unalipia nafasi, si uzito peke yake

Watu wengi hudhani kitu chepesi ni rahisi kutuma. Sivyo. Ndege ya kusafirisha mizigo ina nafasi yake, na katoni kubwa iliyojaa hewa huziba nafasi ya mizigo mingine. Kwa hiyo kampuni za vifurushi vya haraka hupima mara mbili: kwanza kwa mizani, halafu kwa futi. Kipimo kikubwa ndicho unacholipia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pima urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, zidisha vyote vitatu, kisha gawanya kwa 5000. Jibu ni kilo. Mizigo mingine ya ndege hugawanywa kwa 6000, kwa hiyo ulizeni kwanza.

Tuchukue mfano. Ndege yetu ina urefu wa sentimita 36, kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni 45, na kimo ni 15. Kwenye mizani ina kilo 1.2 tu. Tukiiacha sentimita 5 za kujaziwa kila upande, katoni itakuwa 46 kwa 55 kwa 25. Zidisha, gawanya kwa 5000: kilo 12.65! Ndege ya kilo moja na kidogo inalipiwa kama nusu gunia ndogo ya unga.

Sasa tung'oe mabawa, mkia na magurudumu, tuvilaze kando ya mwili wa ndege. Kifungu kizima ni 36 kwa 10 kwa 10. Tukiongeza sentimita 5 kila upande, katoni ni 46 kwa 20 kwa 20, yaani kilo 3.68. Hiyo ni chini ya theluthi ya ile ya kwanza, na hatukupunguza chochote isipokuwa hewa.

Ndege tatu kwa mteja mmoja zikilazwa pamoja, na kadibodi katikati yao, zinaingia katika katoni ya 46 kwa 41 kwa 20. Hiyo ni kilo 7.54, au kama kilo 2.5 kwa kila ndege. Kwa hivyo mteja akiagiza moja, msiogope kumwuliza kama ana jirani anayetaka nyingine.

Posta hufuata njia tofauti: kwa kawaida hutoza kwa uzito wa mizani, lakini ina mipaka ya ukubwa. Kifurushi kidogo cha kimataifa mwisho wake ni kilo 2, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande mmoja usizidi 60. Ile katoni ya ndege nzima ina jumla ya 126, haipiti. Ile ya vipande ina 86, inapita. Unaona sasa faida ya kung'oa mabawa?

Kutengeneza kwa ajili ya safari

Ndege ya kutuma huanza kufikiriwa kwenye benchi la fundi, si siku ya kufunga. Bawa lililopigiliwa msumari na gundi haling'oki bila kuvunjika. Tumieni skurubu, au vijiti vya kuchomeka kwenye tundu. Kila fundi katika kikundi afuate kipimo kimoja, ili bawa la ndege hii liweze kuingia katika ndege ile. Mteja akipoteza kipande, mtamtumia kingine bila kutuma ndege nzima.

Andikeni namba ndogo kwenye kila kipande, na mtie karatasi ya michoro: 1 kwenye 1, 2 kwenye 2. Michoro ni bora kuliko maneno, kwa sababu mteja huenda hasomi Kiswahili wala Kiingereza. Halafu fanyeni jaribio hili: mpeni jirani ambaye hajawahi kuiona ndege hiyo, akae chini aiunganishe bila kusaidiwa. Akikwama, karatasi yenu bado ina kasoro. Tieni pia skurubu mbili za ziada katika kijibahasha, maana vitu vidogo hupotea.

Jinsi ya kufunga

1. Hakikisheni rangi na mbao zimekauka kabisa. Rangi mbichi hushika karatasi, na mbao yenye unyevu hupinda njiani. Kingo za mikebe zipigwe tupa zisikate mtu.

2. Kila kipande kifungwe peke yake kwa karatasi safi nyeupe. Msigusishe gazeti na mbao nyeupe; wino wake huacha madoa.

3. Mabawa yalazwe bapa katikati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyoyazidi ukubwa kidogo, kama mkate na siagi. Rafadha na vipande vidogo viingie katika kijisanduku chao.

4. Tumieni katoni ngumu, ikiwezekana ile yenye tabaka mbili za mawimbi. Katoni kuukuu iliyolowa mvua au kukunjamana pembe haina nguvu tena, hata ikionekana nzima. Iacheni ibebe viazi nyumbani.

5. Jazeni chini, juu na pande zote angalau sentimita 5. Karatasi iliyofinyangwa inafaa, lakini ishindiliwe vizuri, kwani mtikisiko wa gari huifanya ishuke. Mifuko ya plastiki ya kubebea msiitegemee. Ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Nyasi na majani makavu ya migomba, ambayo ni mazuri kwa mayai ya kupeleka sokoni, hayafai kabisa kwa ng'ambo. Yanaweza kubeba wadudu, na wakaguzi wa mimea wa huko wanaweza kuuzuia mzigo.

6. Fungeni katoni, mwitikise karibu na sikio. Mkisikia kitu kinatembea, fungueni mjaze tena. Halafu iacheni ianguke kutoka usawa wa kiuno, kwa ubavu na kwa pembe. Msione uchungu! Njiani itarushwa zaidi ya hapo, na heri bawa livunjike mbele yenu kuliko mbele ya mteja.

7. Mshono wa katikati na mishono ya kandokando yote ipigwe selotepu pana, juu na chini. Anwani iandikwe nje, na nakala yake iwekwe ndani, ikitokea ile ya nje imebanduka.

Msitie gundi, rangi ya mafuta wala vanishi ndani ya katoni ili mteja amalizie kazi. Vingi vya vitu hivyo hushika moto upesi, na haviruhusiwi katika barua za ndege. Mteja atanunua kwao.

Oda kubwa na sanduku la mbao

Oda ikiwa kubwa, wengine hukimbilia kupigilia sanduku la mbao. Subirini kidogo. Kuna kanuni ya kimataifa ya mwaka 2002 kuhusu mbao za kufungia mizigo: mbao ghafi yenye unene wa zaidi ya milimita 6 lazima itiwe dawa ya wadudu inayokubalika, au ipashwe joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha ipigwe muhuri maalumu. Sanduku lisilo na muhuri linaweza kurudishwa au kuchomwa. Plaiwudi na kadibodi hazimo katika sheria hiyo. Na kwa kuwa ndege zenyewe ni za mbao, baadhi ya nchi hutaka cheti cha afya ya mimea. Hapa Kenya hutolewa na KEPHIS. Mteja aulize upande wake, nanyi mwulize upande wenu, kabla ya kufunga.

Forodha na ushuru

Kila mzigo wa ng'ambo hujaziwa fomu. Posta hutumia CN 22 kwa vya thamani ndogo na CN 23 kwa vya thamani kubwa. Msiandike "zawadi" kwa kitu kilichouzwa, wala msipunguze bei. Andikeni wazi: "ndege ya mfano ya mbao na bati, imetengenezwa kwa mkono, Kenya", idadi, uzito na bei ya kweli. Mzigo ukipotea, madai yenu yataangaliwa kwa bei mliyoandika, si ile mliyoificha moyoni.

Mwambieni mteja mapema kwamba huenda akatozwa kwao. Nchi za Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwa vitu vya bei ndogo tangu tarehe 1 Julai 2021. Marekani nayo iliondoa, tarehe 29 Agosti 2025, msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800. Mteja asiyejua hayo anaweza kukataa kupokea mzigo, na hasara ikawarudia nyinyi.

Bei ipangwe kabla ya ahadi

Tunawasihi viongozi wa vikundi: msimtajie mteja bei kabla ya kupima katoni. Jumlisheni vifaa, kazi ya fundi, katoni na selotepu, nauli ya kufikisha mjini, na ada ya kutuma. Ulizeni bei sehemu mbili au tatu mkiwa na vipimo mkononi. Kisha mpeni mteja mahesabu mawili: bei ya ndege, na bei ya kuituma. Ataona wazi kwamba hamumwibii.

Wekeni daftari la kutuma. Tarehe, jina, vipimo, uzito, nauli na namba ya stakabadhi viandikwe. Pigeni picha ya vipande kabla ya kufunga na ya katoni baada ya kufungwa, maana madai bila ushahidi ni kelele tu. Mzigo ukifika, mwulizeni mteja ulifikaje, na jibu lake liandikwe vilevile. Baada ya oda tano hivi mtajua ni kipande gani huumia na ni njia gani hula pesa, na fundi atajua pa kutia nguvu zaidi.