Mota ya boti: anza na betri, nguvu ije baadaye

Kaunti ya Kajiado ina ziwa kubwa moja, Magadi, wala hakuna anayekwenda huko na ndoana. Maji yake yamejaa magadi, na samaki wake ni tilapia mdogo anayestahimili chemchemi zenye joto la nyuzi 40. Mkazi wa Kitengela anayependa kuvua wikendi hana budi kufunga boti kwenye trela, apite Nairobi na kuteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha, mwendo wa kilomita 120 hivi. Huko kuna tilapia, na kuna besi wa Kimarekani waliopandikizwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani.

Besi havuliwi kwa fujo. Ndiyo maana mota ndogo ya umeme, ambayo Mmarekani O. G. Schmidt aliiunda Fargo, North Dakota, mwaka 1934, inamfaa mvuvi kuliko injini ya petroli inayonguruma. Faida nyingine ni mwinuko. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huipunguzia injini ya petroli takriban sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haipungukiwi na chochote.

Swali la kwanza la wanunuzi wengi ni, "Ina nguvu kiasi gani?" Lingepaswa kuwa la mwisho.

Msukumo wa mota hizi hupimwa kwa ratili, na kanuni ya kawaida ni ratili mbili kwa kila kilo 45 za mzigo wote. Chukua boti ya faiba ya kilo 150, watu wawili wa kilo 150 kwa pamoja, betri na vifaa kilo 50. Jumla ni kilo 350, nayo yahitaji ratili 16. Upepo wa alasiri wa Naivasha si wa kubezwa, kwa hiyo zidisha mara mbili, kisha ongeza kidogo: mota ya ratili 40 yatosha. Ukiuziwa ya 55, usidhani utakwenda kasi zaidi. Rafadha za mota hizi zimetengenezwa kwa mwendo wa taratibu, na boti ndogo haipiti sana kilomita 8 kwa saa. Kinachoongezeka ni uwezo wa kushindana na upepo, pamoja na njaa ya umeme.

Hapo ndipo mtu wa Kitengela ana nafasi nzuri. Anayewasha taa na televisheni kwa sola anajua tayari kwamba betri ya gari si ya kukamuliwa. Imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiimaliza mara kwa mara, inakufa. Mota inataka betri ileile ya sola. Kwa makadirio, kila ratili ya msukumo hula ampia moja mota ikiwa imefunguliwa yote. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo mota ya ratili 40 itaimaliza kwa saa moja na robo. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo hutoa ampia-saa 80 bila kudhurika, nayo ina uzito wa kilo 12 hivi, wakati ile ya risasi inakaribia 30. Ni ghali, lakini kwenye boti ndogo kila kilo inahesabika. Usisahau fyuzi au swichi ya kukata umeme karibu na betri, na waya mnene.

La pili ni udhibiti. Mota za bei nafuu zina gia tano, na kwenye gia za chini umeme usiotumika hupotea kama joto. Zenye kidhibiti cha kielektroniki hukata na kurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo ukienda polepole betri hudumu kwa saa nyingi. Ukifungua yote, tofauti hiyo haipo.

Mota ikifungwa tezini husukuma, na unaiongoza kwa kana: ukiisukuma kushoto, boti inageuka kulia. Ikifungwa omoni huvuta, na boti hufuata kwa utiifu zaidi kwenye upepo. Vyovyote vile, ukitaka kusimama mahali pamoja, elekeza omo upepo unakotoka, kisha ongeza mwendo kidogo kidogo hadi mti uliouchagua ufukweni uache kusogea. Mota za bei kubwa hufanya kazi hiyo zenyewe kwa setilaiti.

Rafadha izame angalau sentimita 30, la sivyo itapiga hewa. Gugumaji la Naivasha nalo huzonga rafadha, kwa hiyo zima umeme kabla ya kupeleka mkono.

Kuna tahadhari moja inayotokana na ukimya wenyewe. Kiboko aliyezama huenda asikusikie ukija. Kaa mbali na matete, vaa jaketi la kuokolea, na uwe na leseni ya uvuvi. Pesa zikiwa chache, nunua betri nzuri na kidhibiti kizuri, kisha ridhika na ratili 40. Utarudi ufukweni kwa mota, si kwa kasia.