Mlango huu ni wa nani? Vijana wetu na majina ya kukodi mtandaoni

 

Ndugu Waislamu, hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, mzazi mmoja wa hapa Kilakala alitujia barazani akiongozana na kijana wake aliyebeba kompyuta. Swali lake lilikuwa fupi: "Sheikh, huyu mwanangu hulala mchana na kukesha usiku, na kila mwezi huniletea fedha ya ada ya wadogo zake. Nataka kujua, fedha hii niipokee?"

Tulimwomba kijana atueleze kazi yake. Akafungua programu yenye orodha ya majina manane ya watu, na mbele ya kila jina pana nchi: Marekani, Uingereza, Canada. Yote manane huyaendesha yeye, akiwa chumbani kwake chini ya milima ya Uluguru.

Programu hiyo ni nini?

Ieleweke kwamba tovuti humtambua mgeni wake kwa mambo matatu. La kwanza ni anwani ya intaneti, yaani namba inayoonesha ametokea mtandao gani na nchi gani. La pili ni vidakuzi, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha ndani ya kompyuta. La tatu ni alama za kivinjari: ukubwa wa kioo, lugha, majira ya saa, aina za herufi, na mengineyo. Zikikusanywa pamoja, alama hizi humtofautisha mtu na mwingine hata asipotaja jina.

Kivinjari cha kuficha utambulisho humpa mtumiaji wasifu mbalimbali, kila mmoja ukiwa na vidakuzi vyake na alama zake, mithili ya vyumba vya nyumba moja ambavyo kila kimoja kina mlango wake wa nje. Mlango huo ndio proksi, yaani seva ya kati inayopokea maombi ya mtumiaji na kuyapeleka kwenye tovuti kwa anwani yake yenyewe. Katika kila wasifu hujazwa aina ya proksi (HTTP au SOCKS5), anwani ya seva, namba ya lango, jina la mtumiaji na nywila. Kisha hupimwa: je, anwani inayoonekana ni ya nchi iliyokusudiwa? Je, saa na lugha ya wasifu vinaafikiana na nchi hiyo? Je, anwani halisi haivuji kupitia WebRTC, njia ambayo kivinjari hutumia kwa mawasiliano ya sauti na picha? Kila wasifu hupewa proksi yake, kwani wote wakitoka mlango mmoja, siri hufichuka.

Chombo hiki peke yake hakina hukumu. Wapo wanaokitumia kukagua namna tangazo lao linavyoonekana nchi nyingine, au kuhifadhi faragha yao. Hukumu hufuata matumizi.

Jasho langu, jina la mwingine

Kijana alikiri kwamba kampuni anazozifanyia kazi hazipokei watu wa Tanzania. Hivyo alikodi akaunti za watu wa huko, akawa anagawana nao malipo. Biashara hii si ngeni Afrika Mashariki. Nchini Kenya, akaunti za kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo zimeuzwa na kukodishwa kwa miaka mingi, na mwezi Machi 2024 kampuni ya Remotasks ilipowafungia wafanyakazi wa Kenya, wengi walipoteza riziki kwa siku moja.

"Sheikh," alisema, "kazi naifanya kwa akili yangu. Kosa langu ni kuzaliwa Morogoro?"

Hatukuweza kulipuuza swali hilo. Kumfungia mtu mlango kwa sababu ya alikozaliwa ni dhulma, na tulimwambia hivyo. Lakini dhulma haiondolewi kwa uongo. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni Madina na kukuta ndani imeloa, alimkemea muuzaji kwa kukificha kilichokuwa chini. Nafaka ilikuwa yake, na jasho lilikuwa lake; kosa lilikuwa ni kumfanya mnunuzi aamini kisicho kweli.

Hapo ndipo baba yake alipotueleza lililomsukuma kuja. Mwenye jina mmojawapo alibadilisha nywila, akachukua malipo ya miezi miwili, akanyamaza. Kijana hana mkataba wala pa kushitaki, kwani kwa maandishi kazi yote ile haikufanywa na yeye.

Anwani ya nyumba ya nani?

Lipo na jambo ambalo kijana hakulijua. Proksi zinazopendwa zaidi ni zile zenye anwani za majumbani, kwa kuwa tovuti huziamini. Mwezi Mei 2024, Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao ulioitwa 911 S5, uliokusanya anwani zaidi ya milioni 19 katika takriban nchi 200. Wenye kompyuta hizo walikuwa wamepakua programu za VPN za bure, wasijue kwamba milango yao inakodishwa kwa wahalifu. Fikiri, ndugu msomaji, mtu apite sebuleni kwa jirani yako kila usiku bila idhini, na askari wakija wamkamate jirani!

Hapa kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Na mwezi Oktoba 2023, TCRA iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao.

Tulilowashauri

Tulimwambia mzazi kwamba kazi ya mikono ya mwanawe si ya kudharauliwa, ila njia aipitiayo haifai, na asiijenge nyumba yake juu yake. Tulimwambia kijana arudishe majina ya watu na atafute kazi kwa jina lake, hata kama malipo ni madogo. Wapo wafanyabiashara mjini wanaohitaji mtu wa kusimamia kurasa zao. Wampe nafasi ya usimamizi kwa idhini, naye atenganishe kazi zao kwa wasifu wa kawaida wa kivinjari, ambao ni bure na hauhitaji proksi. Wala asitumie proksi ya bure, kwani mwenye mlango huweza kuona nani anapita.

Nasi wazazi tujilaumu kidogo. Tunapokea fedha bila kuuliza, kisha tunashangaa. Usiku mmoja keti na mwanao, umwombe akuoneshe anachokifanya.

Kijana alifunga kompyuta yake bila kujibu. Wiki iliyofuata alirudi peke yake, akatuomba tumsaidie kuandika barua ya kuomba kazi. Juu kabisa ya karatasi aliandika jina lake.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu riziki ya halali na milango iliyo wazi. Wallahu a'lam.