Lwiro: Nakala ya data isilale nyumba moja na kompyuta

Lwiro, katika teritware ya Kabare, kaskazini mwa Bukavu, ni makao ya sayansi tangu wakati wa Wabelgiji. Taasisi ya IRSAC ilianzishwa mwaka wa 1947; leo kituo kinaitwa CRSN. Kati ya kazi zake ni kufuatilia matetemeko ya ardhi. Lile la tarehe 3 Februari 2008, lililobomoa nyumba Bukavu na ng’ambo ya Rwanda, haliwezi kupimwa mara ya pili. Faili za namna hiyo zikipotea, zimepotea.

Hatari si vita na wizi peke yake. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka wa 2016 uliiweka Kabare nafasi ya 2 duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Radi ikipita kwenye waya wa umeme, inaweza kuunguza kompyuta pamoja na diski ya nje iliyochomekwa pembeni.

Kwenye kompyuta za Linux, za ukoo wa Unix, programu za kujikinga ni za bure. Faili za watumiaji, zinazokaa katika folda ya /home, hubadilika kila siku. Hizo hunakiliwa kila usiku. Rsync hutuma kile tu kilichobadilika, jambo linalosaidia pale ambapo intaneti ni ghali, na cron huianzisha saa iliyopangwa. Mfumo wenyewe haubadiliki sana: tar huufunga katika faili moja, kwa mfano kila mwezi.

Lakini kuna mtego. Rsync iliyoagizwa kufanana kabisa na kompyuta hufuata hata makosa: faili iliyofutwa mchana bila kukusudia, usiku inafutwa na kwenye nakala. Ndiyo sababu nakala za wiki zilizopita hutunzwa pia.

Kanuni ya mafundi ni 3-2-1: nakala 3, aina 2 za vifaa, 1 ikae mbali. Kwa Lwiro, Bukavu haitoshi, maana tetemeko moja linaweza kupiga kote kuwili. Nakala ya mwisho ivuke jimbo.

Kisha ijaribiwe: faili moja irudishwe na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni ahadi tu.